Mtoto Mbele

Siku ya kustaafu kwangu mliniaga kwa pilau, kanga mbili na saa ya ukutani, halafu kabla sijatoka mlangoni mkanidai maneno ya kuwaachia. Siku ile sikuwa nayo. Nilikuwa nimeshiba, na mtu akishiba akili nayo inalala. Sasa nipo nyumbani Chuno, saa yenu inanitazama kutoka ukutani, asubuhi sina pa kwenda, basi naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vilichelewa. Mishahara mnaijua wenyewe. Nitawaambia habari ya woga, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya. Kwenye barua ya ajira waliandika mkaguzi wa vyombo vidogo vya majini, lakini kazi yenyewe ilikuwa kuogopa kwa niaba ya watu wasioogopa.

Mimi Somoe ni mzaliwa wa Mikindani. Nyumba yetu maji yakijaa ulikuwa unayasikia ukiwa kitandani, na kuogelea sijui mpaka leo. Msicheke. Mama yangu alizaa wasichana watupu na hakutaka hata mmoja aloane kupita magoti. Wavulana wa jirani walijifunza kuogelea kwa kutupwa majini, sisi tulijifunza kufua nguo zao. Kwa hiyo nilipopangiwa kazi ya vyombo vya majini, nyumbani walicheka mpaka wakalia, na mimi nililia bila kupitia kwenye kicheko.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Nahodha Selemani, mwendesha boti ya ofisi. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mdomo wake mchungu kama shubiri. Nilimkuta nyuma ya banda la injini ameinama, anatapika.

"Pole, nahodha. Unaumwa?"

"Siumwi. Naenda baharini."

Akasukutua, akafuta mdomo, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nilikuwa nimevaa viatu vya mchuchumio, jamani, siku ya kwanza kazini mtu anataka kupendeza. "Hivyo vivue," akasema. "Na wewe, tumbo lako linasemaje?"

Nikamwambia linanikoroga tangu alfajiri.

"Vizuri. Siku lisipokukoroga usipande chombo. Kaa nyumbani ukaange mihogo."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Mtu huyu alikuwa amezaliwa ufukweni, ameendesha vyombo tangu ndevu hazijaota, na kila safari alitapika kwanza. Wavuvi walimcheka waziwazi. Yeye aliwajibu kwa methali ileile kila mara: "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nyinyi chekeni tu." Kisha anakagua tena mafuta ambayo alishayakagua mara mbili.

Vifaa vyake vilikuwa vitatu, na ndivyo alivyonirithisha: filimbi, kamba na bisibisi. Filimbi inavaliwa shingoni kwa sababu sauti ya binadamu haifiki mbali kwenye upepo. Kamba iwe kavu na isiwe na fundo. Bisibisi ni ya kugongea ubao. Unaigeuza, unagonga kwa mpini, unasikiliza. Ubao mzima unalia. Ubao uliooza unanyamaza, na ukiuchoma kwa ncha, ncha inazama kama kwenye muhogo uliochemka. Nilifunga bisibisi yangu kwa uzi kwenye mkono, maana ya kwanza ilishaniponyoka ikaenda zake chini. Vijana mlinicheka na uzi wangu. Subirini.

Mwaka wangu wa kwanza haukuisha kabla sijapelekwa Msimbati, asubuhi, baada ya dau moja kutorudi. Nilidhani nitaona mbao au watu. Niliona ndala. Zilikuwa zimetupwa na maji juu ya mchanga, moja moja, za kiume, za kike, na moja ndogo ya plastiki yenye kipepeo. Wake wa wavuvi walikuwa wanapita katikati yake, wanazigeuza kwa vidole vya miguu, kila mmoja anaomba asiione anayoijua. Ndala zinaelea. Wenye ndala hawaelei. Usiku nilimwambia mume wangu naacha kazi, akasema sawa, na asubuhi nikaamka nikaenda.

Baada ya hapo nilikuwa mkali, nakiri kwa raha zote. Watu wakaniita Mama Maboya, kwa sababu jaketi okozi huku kwetu linaitwa boya tu, na mimi nilikuwa siliachi hata kwenye mazungumzo ya harusi. Nilipambana na manahodha waliofunga maboya kwenye sanduku kwa kufuli yasiibiwe, na walioyaacha ndani ya nailoni yasichafuke. Mmoja aliniapia kwa Mungu kwamba anayo ya kila abiria. Alikuwa nayo kweli. Alishayachana, akatoa vipande vya ndani vinavyoelea akavifunga kwenye nyavu zake, na maganda akayajaza sponji ya godoro kuukuu. Nikachukua moja, nikalitupa majini mbele ya abiria wake. Likaelea kidogo, likalewa maji, likazama taratibu bila haraka yoyote. Mama mmoja aliyekuwa amekwisha kulipa nauli alishuka.

Basi ndiyo maana nilipoona watu wanaanza kuvaa maboya ya kweli, tena vizuri, mikanda imekazwa, nilidhani kazi inakaribia kwisha. Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Tulikuwa Mahurunga, mimi na Nahodha Selemani, kukagua vyombo vya kuvushia watu Ruvuma. Huko mnajua, mto ni mpaka kwenye ramani. Shangazi yuko huku, kaburi la babu liko kule. Siku hiyo kulikuwa na msiba ng'ambo, karibu na pale mto unapoingia baharini, na familia moja ilikuwa na dau lao tayari. Kiongozi wa safari alikuwa Bibi Fatu, mwanamke mrefu mwenye ndonya ya zamani, kile kipande cha mti cha Kimakonde, kwenye mdomo wa juu, na sauti ya kuamrisha jeshi. Pamoja naye alikuwapo mkwe wake, Atija, mke wa mwanawe, na mtoto wa kike anayenyonya, Zainabu. Nililigonga dau lao. Ubao wa ubavuni ukanyamaza.

"Hili halivuki, bibi."

"Ala! Kwa hiyo maiti atusubiri mpaka ofisi yako ipende?"

"Atasubiri. Sitaki tumwongezee wenzake."

Alinitukana kwa Kimakonde, na kwa vile mume wangu ni Mmakonde nilielewa vyote. Nahodha Selemani akaenda nyuma ya kichaka, akatapika, akarudi. "Tuwapeleke sisi," akasema. "Boti yetu ni nzima."

Nataka mnisikilize hapa. Siku ile tulifanya kila kitu sawasawa. Boti nzima, injini nzima, mchana kweupe, watu hawakuzidi, nahodha hajalewa, na kila mtu amevaa boya la kweli. Mimi mwenyewe nilimfunga Atija mikanda. Kisha akamweleka mwanawe mgongoni juu ya boya, kama mama yeyote wa pwani hii anavyofanya tangu tuumbwe, akazungusha kanga na kukaza fundo kifuani. Nililivuta fundo kulijaribu. Lilikuwa fundo zuri. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na maboya yale ilikuwa na picha ya mwanamume mwenye sharubu, anatabasamu, na mgongoni hakuwa na kitu.

Tuliteremka na mto. Zainabu alikuwa analia kwa sababu ya upepo, na Bibi Fatu alikuwa analalamika kwamba mtoto wa siku hizi hata upepo anauogopa. Tulipokaribia mdomo wa mto maji yalikuwa yanapwa, mto unasukuma kwenda nje, na upepo wa baharini unasukuma kuja ndani. Pale kwenye mafungu ya mchanga maji yanasimama wima, yanaanguka, yanasimama tena, na rangi yake ni ya chai ya maziwa, huoni hata kiganja chako. Selemani alipunguza mwendo. Niliona shingo yake imetoka jasho.

Ndipo mmoja akapiga kelele: "Kiboko!"

Lilikuwa gogo. Lakini mtu wa Ruvuma akisikia kiboko haulizi. Wote wakainuka kwa pamoja wakakimbilia upande wa pili, na Selemani anapiga ukelele, "Kaeni! Kaeni chini!" Boti ikalala ubavu, ikachota maji, ikajirudi. Wanaume wawili walianguka wakashika ukingo hapohapo. Atija alirushwa mbali kidogo, na maji yakamchukua.

Kisha akaibuka, chali, uso juu, anakohoa, anapunga mkono. Jamani, ile furaha! Boti nzima ililipuka. "Anaelea! Boya limemshika! Alhamdulillahi!" Bibi Fatu alipiga vigelegele. Selemani akageuza boti polepole amfuate bila panga la injini kumkaribia.

Mimi sikufurahi. Kuna kitu kilikuwa hakipo, na sikujua ni kitu gani, mpaka nikajua: kilio. Zainabu alikuwa analia tangu ufukweni, na sasa halii. Nikamtazama Atija kutoka kichwani mpaka miguuni, na pembeni ya kiuno chake, kutoka kwenye maji yale ya chai, kikatokeza kisigino, kidogo, cheupe. Kikapiga teke. Kikatulia.

Mtoto alikuwa chini yake. Boya lina kifua kinene makusudi, ukizirai likulaze chali upumue. Lilikuwa linafanya kazi yake barabara. Lilimwinua mama, likamlaza juu ya mwanawe.

Sikuruka kwa ushujaa. Niliruka kwa sababu woga ulionishika ulikuwa mkubwa kuliko maji. Nilimeza maji, boya langu likanitoa juu, nikapiga mikono kama kuku mpaka nikamfikia. "Geuka, Atija! Geuka!" Hakunielewa. Alinikumbatia kama mtu anayekumbatia mwenzake kwenye msiba. Sikuwa na muda wa kumweleza. Nikamshika kisogo na bega, nikampindua kifudifudi, uso wake ndani ya maji, nikamkandamiza.

Mtoto akatoka juu. Alikuwa rangi ya majivu, mdomo wazi, na hakuna sauti.

Boya lilitaka kumrudisha mama yake chali, mimi nilimsukuma chini, naye alipigana nami kwa nguvu zote za mtu anayezamishwa, maana ndivyo ilivyokuwa, nilikuwa namzamisha. Fundo lilikuwa kifuani kwake, chini huko, nisingelifikia. Nikavuta ule uzi, bisibisi ikaja mkononi. Nikaichoma kwenye kanga mbali na mwili wa mtoto, nikararua. Kanga mpya haipasuki haraka, Yarabi, sijui kwa nini alivaa kanga mpya kwenye msiba. Na wakati wote huo kitu kinanipiga kichwani. Boti ilikuwa imetufikia, na Bibi Fatu alikuwa amechukua kafi. "Muuaji! Anamuua mkwe wangu! Mshikeni!"

Kanga ikaachia. Nikamwinua Zainabu, mikono ya Selemani ikampokea, na mimi nikamwachia Atija. Akapinduka chali, akavuta pumzi kwa sauti ambayo sitaki kuieleza, akanitazama. Habari ya mtoto hakuijua. Alichojua ni kwamba alikuwa anaelea, ameokoka, na mkono wangu ukaja ukamkandamiza uso majini.

Selemani aliacha usukani, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Alimlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja, taratibu, halafu kwa nguvu. Maji yakatoka. Akampiga tena. Wanaume wakatuvuta mimi na Atija ndani, boti inakwenda inakotaka, na Bibi Fatu bado ameinua kafi hewani. Kisha Zainabu akakohoa, akakunja uso kwa hasira, akalia. Sijawahi kusikia wimbo ulionipendeza kama kile kilio.

Jioni, ufukweni Mahurunga, nikiwa na kitambaa kichwani kilicholowa damu, meno yananigongana kwa baridi na hofu, Selemani alikaa karibu yangu. "Asubuhi tumbo lilikukoroga?" akaniuliza.

"Lilinikoroga."

"Basi," akasema, akaenda kutapika.

Wiki ile ile tulikwenda kwenye maji ya magoti pale Mikindani. Tulijaza dumu maji, tukalivika kofia ya mtoto, nikalieleka juu ya boya na kulala majini. Tulijaribu mgongoni, ubavuni, kifuani. Mgongoni linazama kila mara. Kifuani, juu ya boya, linakaa mahali pakavu, na mama anaona uso wa mwanawe. Kwa hiyo sheria yetu ikawa hiyo mnayoijua: kwenye chombo, mtoto mbele, juu ya boya, na fundo liwe la kufunguka kwa mkono mmoja. Haikuandikwa na mtu wa mbali. Ilitoka kwenye dumu lenye kofia. Wamama walikataa mwanzoni, wakasema mtoto kifuani ni wa mtu mvivu, atanyonya safari nzima. Nikawaambia anyonye mpaka atapike.

Bibi Fatu alikuja ofisini baadaye, amebeba kuku. "Nilikupiga kwa haki," akasema, "kwa jinsi nilivyoona. Lakini kuku huyu ni kwa jinsi ilivyokuwa." Kovu ninalo chini ya ushungi, na kuku yule alikuwa mtamu.

Atija hakuja. Nilipokwenda Mahurunga nilimwona kivukoni, anauza samaki wa kukaanga. Nilimsalimu, naye aliinama kwa heshima bila kufungua mdomo, na mkono wake ukapanda ukafunika uso kwa kanga, pua na mdomo. Kila mara, miaka yote. Alijua kila kitu, walishamweleza, na Zainabu alikuwa anakimbia pale mbele yetu, baadaye akaanza shule, baadaye akawa mrefu kuliko mama yake. Lakini mwili una kumbukumbu zake, haushauriani na mwenyewe. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa naota ndoto ile kutoka upande wake: nipo chali, naona jua, nasema nimepona, halafu mkono unakuja.

Nahodha Selemani alistaafu, akafariki kitandani kwake Likombe, mkavu. Sijui mtu mwingine aliyefanya kazi ile maisha yake yote akafa mkavu. Kwenye mazishi wale waliomcheka walijaa uani, na hakuna aliyecheka.

Nilidhani nitaishia hapo. Lakini mwezi uliopita, baada ya pilau lenu, mwanangu alialikwa harusi ng'ambo, nami nikaenda naye kumsaidia kumbeba mtoto wake. Mjukuu wangu ni mnene, mzuri, mlalaji. Tulifika Mahurunga asubuhi, hali ya hewa nzuri, maji yametulia, na mimi kwa mara ya kwanza naenda kivukoni kama abiria, sina filimbi, sina bisibisi, sina wa kumwuliza kitu. Nilijisikia mwepesi. Nikapewa boya nikavaa, nikamweleka mjukuu mgongoni, nikazungusha kanga, nikakaza. Nikainua mguu kupanda.

"Mama Maboya!"

Nikageuka. Atija alikuwa amesimama, sinia la samaki limeanguka kando yake kwenye mchanga, na uso wake uko wazi.

"Mtoto mbele!"

Sauti hiyo sikuwahi kuisikia tangu siku ile ya boti. Alikuja mbio, akanishika bega, akafungua fundo langu, akamzungusha mjukuu wangu mpaka kifuani, akafunga upya fundo la mkono mmoja kama nilivyofundisha wamama wa kivuko kile wote isipokuwa yeye.

"Umesahau," akasema.

"Nimesahau."

"Mimi sisahau."

Alibaki ameshika fundo. Nami nikakumbuka kwamba tangu tutoke Chuno asubuhi ile, njia nzima, tumbo halikunikoroga hata kidogo. Likaanza hapo. Nikapanda, nikakaa chini kabisa katikati ya boti, mjukuu kifuani ananitazama, na Atija alisimama ufukweni hakuondoka mpaka tulipogusa ng'ambo.